Mlonge na ini: andikeni pia kwamba waliopimwa ni panya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na mnivumilie maana nina mengi. Mimi ni mwalimu wa kemia sekondari huku Muheza, na nataka kuongelea zile habari za mlonge (moringa) ambazo kila baada ya muda zinatoka magazetini, siyo kwenu tu, kwamba wanasayansi wamethibitisha mlonge unalinda ini na una antioksidanti kibao, yaani vitu vya kuzima chembe korofi zinazoharibu seli. Habari zenyewe siyo za uongo. Tatizo ni yale yanayoachwa, na hayo yaliyoachwa yalikaribia kuniulia mdogo wangu.

Mwaka jana mdogo wangu alikutwa na TB. Akaanzishiwa dawa kliniki, zile nne za miezi miwili ya mwanzo, bure kabisa, na alikuwa anameza vizuri bila kuruka siku. Wiki ya nne hivi akaanza kukataa chakula, kichefuchefu, mwili unamwasha, halafu mama akaona macho yamegeuka njano. Mkojo nao ulikuwa umekuwa kama chai ya rangi, lakini hapo wote tulijidanganya, maana nesi alishatuambia siku ya kwanza kwamba rifampisini inafanya mkojo uwe wa rangi ya chungwa na tusiogope. Ni kweli inafanya hivyo, ila ule wa chungwa siyo huu wa kahawia iliyokolea unaokuja na macho ya njano, na hiyo tofauti hatukuijua.

Badala ya kurudi kliniki akaenda stendi kwa mzee mmoja anauza dawa za asili. Mzee akamwambia hilo ni ini limechafuka kwa sababu ya vidonge, endelea na vidonge vyako ila kunywa na huu mlonge utakulinda, na akamwonyesha kipande cha gazeti alichokipiga nailoni na kukibandika kwenye kopo, kinasema hivyo hivyo, mlonge walinda ini dhidi ya dawa za TB. Sasa mtu mgonjwa atabisha nini hapo? Kitu kimeandikwa gazetini. Akanunua unga, akawa anachemsha asubuhi na jioni, na vidonge anaendelea kumeza, siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alishindwa kusimama tukambeba.

Kliniki walipopima vimeng'enya vya ini, vile vinavyoonyesha kwenye damu kama ini limeumia, walisimamisha dawa zote siku hiyo hiyo. Na hilo ndo lilitakiwa lifanyike siku ya kwanza macho yalipogeuka: usiendelee kumeza, usingoje tarehe yako ya kliniki, nenda. Maana katika zile dawa nne, tatu zinaweza kuumiza ini, yaani isoniazidi, rifampisini na pirazinamaidi, na ukiona njano huku unaendelea kumeza ndo unazidi kuliunguza. Walimpima na homa ya ini B hakuwa nayo. Wakasubiri ini litulie, halafu wakamrudishia dawa moja moja, siku kadhaa zikapita ndo wanaongeza nyingine, pirazinamaidi hawakuirudisha kabisa, na kwa sababu hiyo matibabu ya miezi 6 yakawa 9. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu tungeongea mengine. Maneno yale yalinikata maini kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu mimi ndo nasomesha watoto sayansi na kwenye nyumba yetu kilishinda kipande cha gazeti.

Alivyopata nafuu nilikaa kwenye intaneti nikatafuta huo utafiti, maana nilitaka kujua kama yule mzee alidanganya. Hakudanganya. Upo, umefanyika India na ulichapishwa mwaka 2002. Walichukua panya, wakawapa zile zile isoniazidi, rifampisini na pirazinamaidi mpaka maini yao yakaharibika, na panya waliopewa dondoo la majani ya mlonge, yaani kitu kilichokolea kilichovutwa kwenye majani, maini yao hayakuumia sana kama ya wenzao, vipimo vya damu vikashuka kuelekea kawaida. Walilinganisha na silimarini, dawa inayotoka kwenye mbegu za mmea fulani wa miiba wa huko Ulaya upande wa Mediterania, ambayo watu wa maini wanaijua miaka mingi. Upo na mwingine wa Malaysia wa 2008, huo ni wa parasetamo.

Huo wa Malaysia naomba niuelezee maana ndo unaonyesha antioksidanti inafanya nini hasa, na mimi darasani nautumia siku hizi. Ukimeza parasetamo ya kawaida, ini linabadilisha sehemu yake ndogo kuwa sumu kali, lakini ini lina kitu kinaitwa glutathioni ambacho kinaidaka hiyo sumu na kuizima kabla haijadhuru, kwa hiyo husikii chochote. Ukizidisha dozi, glutathioni inaisha, na sumu inayobaki inashambulia seli za ini zenyewe, zinakufa. Wale panya walipewa parasetamo nyingi mno, ila wale waliotangulizwa mlonge akiba yao ya glutathioni ilisimama vizuri. Naomba mlishike hilo neno kutangulizwa. Walipewa mlonge KABLA ya sumu. Hawakungoja panya awe wa njano ndo wamnyweshe. Kukinga ni kitu kimoja na kutibu ini ambalo limeshaumia ni kitu kingine kabisa, na kwenye kile kipande cha stendi hilo halipo.

Halafu dondoo. Ule wa India walitumia ethanoli, ile spiriti, kuyavuta majani, wakapata kitu kilichokolea wanachokipima kwa miligramu kwa kila kilo ya mnyama. Mdogo wangu alikuwa anachemsha vijiko viwili vya unga kwenye sufuria. Vitu vinavyotoka kwenye jani kwa spiriti siyo lazima vitoke kwa maji ya moto, na vingine moto unavipunguza. Kwenye majani ya mlonge kuna kwesetini na asidi ya klorojeni ambavyo ni antioksidanti kweli, sipingi, lakini kiasi gani kinaingia kwenye kikombe na kiasi gani kinafika kwenye ini la mtu wa kilo hamsini hilo ni swali la kupima, siyo la kukisia.

Na hapa niseme kidogo kuhusu hilo neno antioksidanti maana limekuwa tangazo. Kipimo cha kawaida ni hiki: unachukua kimiminika cha zambarau kinaitwa DPPH, unatia dondoo la mmea wako, kama rangi inageuka kuwa njano basi mmea una uwezo wa kuzima zile chembe korofi. Chai ya rangi inafaulu kipimo hicho. Zabibu zinafaulu. Karafuu ndo usiseme. Kufaulu kwenye chupa ya maabara hakujakwambia lolote kuhusu ini la mwanangu au la mamako.

La mwisho ndo liliniumiza zaidi. Nilipomwomba yule mzee anionyeshe unga wake ulitokana na nini, akasema bila kuficha, ni magome na mizizi, kwa sababu mizizi ina nguvu kuliko majani! Mhariri, tafiti zote hizo mbili ni za mlonge upande unaoliwa. Mizizi na magome ya mlonge ina kemikali nyingine ambazo wataalamu wanazitahadharisha, na mama mjamzito ndo kabisa asiguse. Hivyo mdogo wangu ini likiwa linaungua kwa vidonge alikuwa analiongezea kazi ya kuchambua mizizi. Siwezi kusema mizizi ndo ilimzidishia au ni vidonge peke yake, lakini siku kumi na moja zilipotea na hizo zina mwenyewe.

Sitaki mtu anisome akadhani napinga tiba asili. Kwetu mlonge uko kwenye uzio tangu bibi yuko hai, wenzetu wa pwani ya Kenya wanauita mzunze, Wahindi wanapika yale maganda marefu kwenye mchuzi, na mama anaupika majani na nazi na nyanya na ni mboga nzuri sana yenye protini na vitamini A. Mbegu zake zikisagwa zinatuliza maji ya tope, hilo nalifanya darasani na watoto wanashangilia. Mti wenyewe asili yake ni huko India chini ya milima ya Himalaya, umekuja ukawa wetu. Ninachokataa ni ule usemi wa kutibu magonjwa 300. Na huu wa kusafisha ini pia, maana ini siyo sufuria yenye masizi, hakuna uchafu umeganda humo unaosubiri kusuguliwa, ini lenyewe ndo linalosafisha damu na likiumia linahitaji kwanza kile kinacholiumiza kiondolewe. Kama ni pombe iondoke. Kama ni mahindi yenye ukungu yaondoke, na hili la sumukuvu siyo hadithi, mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 wakafa kwa ajili ya mahindi. Kama ni homa ya ini B, kuna vipimo na dawa za kuidhibiti, na watoto wana chanjo. Hakuna hata kimoja hapo ambacho unga wa kwenye kopo unakiondoa.

Sasa ninachoomba. Kwenu waandishi, mkiandika utafiti wa mmea semeni ulifanywa kwa nani, panya au binadamu, na msiliweke chini aya ya tisa, liwekeni kwenye kichwa cha habari, kwa sababu kichwa cha habari ndo kinachopigwa nailoni. Semeni ni jani au mzizi. Semeni mmea ulitolewa kabla ya sumu au baada. Na kama mmea unahusishwa na dawa za TB au za virusi vya UKIMWI, ongezeni mstari mmoja tu kwamba mwenye macho ya njano arudi kliniki leo. Hatujasahau 2011 Samunge, kule Loliondo kwa Babu, kikombe cha dawa cha shilingi 500, foleni ya magari kilomita na kilomita, na wapo walioacha ARV zao, yaani hizo dawa za virusi vya UKIMWI, wakaenda kunywa. Magazeti yalikuwepo pale.

Na kwa wenzetu wa Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili na NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hebu tumalizieni hii kazi. Sisi tuna wagonjwa wa TB wengi, tuna mlonge kila uzio, na swali lenyewe ni zuri mno: je mgonjwa akila majani ya mlonge kama mboga tangu siku ya kwanza ya dawa, ini lake linaumia kidogo kuliko asiyekula? Na je mlonge hauzuii dawa zenyewe kufanya kazi? Hilo la pili ndo linanitisha, maana mgonjwa ambaye ini liko salama lakini TB haiponi hujamsaidia. Panya wameshafanya sehemu yao tangu 2002. Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka huo huo wa 2002, tuna Baraza la kusajili hizo dawa, tuna Mkemia Mkuu wa kuzipima kama zina sumu, yaani vyombo vipo. Nadhani wagonjwa watakubali kushiriki wakielezwa vizuri. Mdogo wangu mwenyewe ameshasema angekubali.

Amemaliza dozi mwezi wa tatu, makohozi yamepimwa ni safi, na uzito unarudi. Yule mzee simchukii, nilikaa naye nikamweleza kuhusu panya akanisikiliza mpaka mwisho, akasema mwalimu, mimi nimebandika walichoandika wasomi. Kile kipande bado kipo kwenye kopo. Kwa hiyo Mhariri, mkiandika habari kamili nitaikata, nitaipeleka kwa fundi aipige nailoni, na nitampelekea mwenyewe pale stendi abandike juu ya ile ya zamani. Ameshanikubalia.

Msomaji wenu,
Mwalimu, Muheza, Tanga