Kilo 23

Lubumbashi, Jumamosi usiku

Mwanangu, jina la mama yangu,

Umelala. Nimetoka kukuchungulia sasa hivi: umejilaza katikati ya nguo zako kama muuza salaula aliyechoshwa na soko. Baba yako anakoroma. Umeme uliondoka tukiwa bado tunakula bukari, ugali wetu, haujarudi, kwa hiyo naandika kwa tochi ya simu, nimekaa kwenye kigoda jikoni, miguu karibu na mbabula yenye vikaa viwili vitatu vinavyozimika. Karatasi nimeichana kwenye daftari la madeni. Ukiona nyuma yake "mama wa kona, kopo 4, bado", hayo hayakuhusu. Yanamhusu mama wa kona.

Ndege yako ya kwenda Kinshasa ni Alhamisi, na tangu juzi sisi wawili tunapigana vita vya kimya juu ya ile valizi yako ya safari. Mimi naweka, wewe unatoa. Usiku nawafunga vizuri ndakala, wale samaki wadogo wakavu, nawalaza chini ya magauni, asubuhi nawakuta kwenye kikapu changu kama vile wamefufuka wakatembea wenyewe. Mara ya tatu nilienda kucheka nyuma ya nyumba. Wewe ulidhani nimenuna.

Lakini jana, baba yako alipoleta mzani wangu wa sokoni, sikucheka. Unaujua ule mzani, wa kulabu mbili, uso wake umekwaruzika mpaka namba 8 inafanana na 3. Nilianza nao kabla hujazaliwa. Wauza magunia walikuwa wakiniambia "hii ni kilo 50, mama, beba tu," mpaka nilipoanza kuwapimia mbele yao. Baba yako aliutundika kwenye boriti ya baraza, akaitundika na valizi chini yake, ikawa inazunguka polepole kama mbuzi wa Noeli. Mshale ukacheza, ukacheza, ukasimama 27. Tiketi inasema 23. Sote watatu tukanyamaza kama watu wanaosomewa matokeo.

Basi nimefikiri, na yapo nitakayokuachia ushinde.

Blanketi nalikubali. Lina karibu kilo 3 peke yake, na wewe umesema kweli, Kinshasa si hapa. Sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,200, ndiyo maana mwezi wa sita na wa saba tunalala na soksi na watoto wanakwenda shule wakitoa moshi mdomoni. Kinshasa iko huko chini, karibu mita 300 tu, joto lake linakushika shingoni mpaka usiku wa manane. Blanketi libaki hapa nyumbani. Badala yake nimeweka chandarua, kile cha buluu. Hakina hata nusu kilo. Usikitoe.

Unga pia nimeupunguza, kutoka kilo 5 mpaka 2. Najua unga wa mahindi unapatikana kule. Najua pia kwamba watakupikia fufu ya muhogo, na wewe utaila na kusema asante, kwa sababu sikukulea kuchagua chakula kwenye nyumba ya watu. Lakini siku moja jioni utarudi kazini umechoka, utataka bukari nyeupe ya mahindi matupu, inayosimama yenyewe kwenye sahani, na hutataka kumweleza mtu yeyote kwa nini. Hizo kilo 2 ni za siku hiyo. Finkubala, wale viwavi wa kula, nimewatoa wote. Shangazi yako anasema huko wamejaa sokoni, wanawaita mbinzo. Sombe, majani ya muhogo, nayo wanaiita pondu. Mimi bado siamini kwamba wanajua kuitwanga, lakini hayo tutayaona.

Babu yako, baba yangu, alikwenda Kinshasa mara moja tu maishani mwake. Alikuwa mtu wa reli, tangu enzi ya BCK, kampuni ya reli ya zamani. Walipanda treni hapa mjini wakaenda nayo mpaka Ilebo, ambako reli inafia mtoni. Yeye aliita Port-Francqui mpaka anakufa, kwa sababu ndivyo ulivyoitwa mji huo reli ilipoufikia mwaka 1928, na kwake reli haikosei. Toka hapo ni meli, unashuka na Kasai mpaka uukute mto Kongo wenyewe, halafu unaendelea kushuka. Alitusimulia zile siku zote: kusubiri meli, kukwama kwenye mchanga, wanawake waliokuja na mitumbwi kuuza nyani waliokaushwa. Alichojivunia zaidi ni kwamba alibeba gunia zima la mahindi na mbuzi mmoja, na hakuna mtu aliyempimia. Wewe utapanda ndege Luano, utakunywa soda, utashuka N'djili kabla ya nywele kukuwasha. Na ukifika utakuta saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Lishike hilo. Ukinipigia usiku ukidhani ni mapema, mimi nitakuwa nimeshalala, na simu ya usiku inanipasua moyo kabla sijajua ni ya nani.

Kuhusu Kilingala sina wasiwasi, utakijua, masikio yako ni mepesi. Neno moja tu nikuonye, kwa sababu lilimpotezea shangazi yako wiki nzima: "lobi". Kwao lobi ni kesho, na lobi hiyo hiyo ni jana. Fundi cherehani akikuambia lobi, muulize lobi ipi. Hata akijibu, usilipe yote.

Na pesa. Zile noti za dola alizokupa baba yako nimezipitia moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Mbili zilikuwa na kijitundu cha pini, nyingine imechanika kidogo pembeni, kama ukucha. Hapa wangezikataa, na huko wangezikataa, wewe mwenyewe unajua noti ya dola nchini kwetu inatakiwa kuwa safi kuliko shuka la bibi harusi. Nimezibadilisha kwa yule kijana wa pale barabarani, amenikata kidogo, si neno. Ziko kwenye soksi nyeusi. Za Go Pass, ile kodi ya uwanja wa ndege, ziweke kando mapema, usianze kufungua soksi mbele ya watu uwanjani.

Utakaa kwa shangazi yako Lemba mpaka upate chumba chako. Usikimbilie hicho chumba. Yaya yako, mkubwa wako ambaye husoma kila karatasi inayompita mbele, anasema sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka kwamba garanti, pesa ya dhamana ya nyumba ya kuishi, isizidi kodi ya miezi 3. Shangazi yako alicheka sana aliposikia. Anasema nenda ukamwambie hivyo mwenye parsele, halafu uone kama atakufungulia mlango. Wengine wanadai miezi 6, wengine 10, na komisioneri, dalali aliyekuonyesha mlango, anataka mwezi wake. Sawa. Wewe itaje sheria kwa upole, ukitabasamu, mtu akijua unajua hupunguza hata kidogo. Na hapo hapo angalia ukuta karibu na sakafu. Ukiona mstari wa rangi ya chai unaozunguka chumba, ujue maji yalifika pale. Aprili 2025, mto Ndjili ulipofurika, hata barabara ya uwanja wa ndege ilikatika. Wenye nyumba wanapaka rangi upya, lakini nyuma ya mlango wanasahau. Angalia nyuma ya mlango.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniamsha. Hayo mengine yote ningeweza kukuambia mchana.

Diploma yako haikupotea.

Yaani ilipotea kweli, wiki ya kwanza. Ulipopindua nyumba nzima mimi nilikuwa sijui iko wapi kama wewe. Lakini Jumanne, ulipokuwa umekwenda kumuaga rafiki yako Katuba, nilifungua sanduku langu la chuma kutafuta kitenge cha kukupa, na nikaikuta kati ya kitenge cha ndoa ya yaya yako na kile cha matanga ya babu. Nadhani niliiweka mwenyewe, mwaka ule paa lilipovuja. Ilikuwa kavu, safi, jina lako limeandikwa lote. Nilikaa kitandani nayo magotini. Nilikumbuka siku ile uliyofaulu, tulivyokumwagia poda mpaka ukapiga chafya, na majirani wakaja na zao wakakumwagia tena, ukawa mweupe kama andazi ambalo halijaingia mafutani.

Halafu nilifikiri hivi: pale biro, ofisi ya Kinshasa unakokwenda kufanya kazi, walisema bila diploma yenyewe, kopi hawaitaki. Kama haipo, watasema subiri. Wiki moja. Labda mwezi. Labda watamchukua mtu mwingine.

Nikairudisha palepale, nikafunga sanduku, nikaenda kuchagua maharage.

Jumatano ulikwenda mjini kuulizia jinsi ya kupata nyingine. Ulirudi kwa miguu kwa sababu pesa ya taksi ilikwisha, vumbi limekupanda mpaka magotini, vumbi hili letu jekundu la kiangazi. Nilikuchemshia maji, nikakuletea beseni, ukaingiza miguu, maji yakawa kama mchuzi wa mawese. Ukaniambia "asante, Mama." Nikajibu "si kitu." Alhamisi ulilia chooni ukidhani bomba la jirani linafunika sauti. Nilikusikia. Nilikuwa nimesimama nje na ndoo.

Leo sokoni Kenya, hapa hapa mjini, mteja mmoja, mama wa mgahawa, aliniambia mbele ya watu kwamba mzani wangu unadanganya. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo. Nilimpimia upya, nikaita na jirani wa meza ya pili awe shahidi, mshale ukasimama palepale, kilo 2 kamili. Akachukua ndakala wake, hata pole hakusema. Lakini mkono wangu ulikuwa unatetemeka, na jirani akauona, akaniuliza kama nina malaria.

Sikuwa naogopa Kinshasa, mwanangu. Watu wanazaa na kuzeeka Kinshasa. Nilikuwa nafikiria usiku. Maji yanapokuja usiku wa manane, ni wewe unayesikia bomba likikohoa, unaamka, unajaza mabidoni yote, na mimi huku najigeuza tu upande wa pili. Mdogo wako hata ngoma zikipigwa haamki. Nilikuwa nafikiria nani atanisomea ujumbe wa simu bila kunicheka, na daftari hili la madeni, ambalo wewe ndiye unalijumlisha kila Jumapili na kuniambia "Mama, huyu acha kumkopesha," na mimi namkopesha. Mambo madogo hivyo. Kwa mambo madogo hivyo nilitaka kukuchelewesha, na ulikuwa umeshaniomba ruhusa kwa heshima, na mimi nilikuwa nimeshaitoa kwa mdomo mbele ya wajomba zako wote.

Nisamehe. Baba yako hajui. Usimwambie wewe, nitamwambia mwenyewe kesho kabla ya misa. Atakaa kimya mpaka Jumatatu, halafu ataniuliza kama kuna chai.

Diploma iko chini ya barua hii, ndani ya lile folda la plastiki lenye kifungo. Usiiweke kwenye valizi. Valizi huwa zinapotea, ibebe mkononi pamoja na kadi yako ya mpiga kura, maana ndiyo watakayokuuliza uwanjani.

Nimepima tena kabla ya kuanza kuandika, peke yangu, kwa shida, valizi imenigonga goti. Imekuja 23 na nusu. Toa vile viatu vyekundu, unavyo vingine, na havikuwahi kukupenda. Ndakala nimewafunga mara tatu, plastiki, gazeti, plastiki, kisha nikawatia ndani ya sufuria ndogo na kufunga kifuniko kwa kamba ya mpira. Hawatanukisha nguo zako za biro. Wakinukisha, utanitukana kwenye simu, ruhusa ninayo hapa nakupa.

Vikaa vimezimika. Kuna kitu nilitaka kusema juu ya shangazi yako na tabia yake ya kuhesabu sukari, lakini

Ngoja. Bomba linakohoa. Maji yanakuja.

Lala, leo nitajaza mimi.

Mama yako