Alf Common hakuwa pauni 1,000 tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo kurasa za michezo hulirudia kila dirisha la usajili linapofunguliwa. Katika orodha za usajili uliovunja rekodi ya dunia, jina la Alf Common halikosekani, kwa kuwa Februari 1905 Middlesbrough waliwalipa Sunderland pauni 1,000 ili wampate, kiasi ambacho hakuna klabu iliyokuwa imewahi kukitoa. Baada ya mstari huo mmoja mwandishi huruka hadi kwa Neymar, na Common asisikike tena.

Huyu alikuwa mshambuliaji aliyeishi kwa kuhamahama. Alizaliwa Sunderland mwaka 1880, akaanza ligi na klabu ya mji wake, akauzwa Sheffield United mwaka 1901, na mwaka uliofuata akafunga katika fainali ya Kombe la FA dhidi ya Southampton, iliyokwisha kwa sare ya 1-1 kabla ya United kushinda mechi ya marudio. Mwaka 1904 alirudi Sunderland, na hata mwaka haukutimia akapelekwa Middlesbrough, timu iliyokuwa ikichungulia kushuka daraja na ambayo kwa karibu miaka miwili haikuwa imeshinda ugenini. Mechi yake ya kwanza ilikuwa Bramall Lane, uwanja wa Sheffield United aliowaacha miezi michache tu iliyopita. Ikapatikana penalti, akaipiga yeye, ikawa bao pekee la siku hiyo. Middlesbrough walinusurika. Baadaye alichezea Woolwich Arsenal na Preston North End, akatundika daluga mwaka 1914.

Sasa tuzitazame zile pauni 1,000. Tangu mwaka 1901 kanuni za soka la Uingereza zilikataza mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki, na malipo yake ya kusaini hayakuruhusiwa kuzidi pauni 10. Kwa hiyo mtu aliyenunuliwa kwa bei hiyo angelazimika kufanya kazi wiki 250, kwa mshahara wa juu kabisa unaoruhusiwa, ndipo afikishe kiasi ambacho klabu moja iliikabidhi nyingine kwa ajili yake. Tena mkataba ulipokwisha, klabu iliweza kuendelea kushikilia usajili wake, naye asiruhusiwe kucheza kwingine katika ligi mpaka wakubwa wakubaliane. Hilo mimi naliona ni dhuluma, na sioni sababu ya kulipamba kwa neno rekodi.

Wachezaji wenyewe hawakunyamaza. Desemba 1907, jijini Manchester, Billy Meredith, winga wa Manchester United, na wenzake waliunda chama cha kudai kikomo hicho cha mshahara kiondolewe na mchezaji awe huru kuhama. Mwaka 1909 chama cha soka cha Uingereza (FA) kilitishia kuwafungia waliokataa kujitoa katika chama hicho cha wachezaji, na wachezaji wa Manchester United wakasimama imara. Kikomo kiliondolewa mwaka 1961, miaka 15 baada ya Common kufariki Darlington, alikokuwa ameendesha baa kwa miaka mingi.

Ombi langu kwa dawati lako la michezo ni kwamba mtakapoichapa tena orodha hiyo, kando ya ada iliyolipwa na klabu muweke pia kiasi alichopata mchezaji mwenyewe, kuanzia na Common.

Msomaji wako,
Dar es Salaam