Mwanangu, nimeuona mto wetu unapoishia

Baba angu, hamjambo huko Dodoma? Mkwe wangu na wajukuu wanaendeleaje? Mi huku Moshi niko salama, magoti tu ndo yanalalamika kidogo na nitakwambia kwa nini. Ile hela uliyotuma ya mabati ya jiko sikununulia mabati, nakwambia ukweli, nimelipia safari ya siku nne na wenzangu wa kikoba, tukakodi kosta, tukatafutiwa na watu wa kutuongoza huko kila tunapofika, Lushoto, Tanga na Pangani. Jiko litavuja masika moja tena, sijuti hata kidogo.

Unajua hiyo barabara nimepita mara ngapi? Tangu nasoma, tangu nakupeleka wewe shule ya bweni. Same, Hedaru, Mombo, Korogwe, mi nilikuwa najua ni sehemu za kuchimba dawa na kununua machungwa dirishani basi. Safari hii pale Mombo tukakata kona tukaanza kupanda, kilomita kama 33 mpaka Lushoto, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, na kijana wa Kisambaa aliyetupokea anasimama kila mahali anasema mama shukeni muone. Maporomoko ya Soni tumeyaona, bustani za kabichi zimepandwa kwenye mteremko mpaka unajiuliza mkulima anasimamaje, mapeasi wanauza kwa ndoo. Kumbe Wajerumani walikuwa wanaiita Lushoto Wilhelmstal. Nyumba ya wageni tuliyolala usiku wa kwanza maji hayakutoka, na baridi ile, ila asubuhi tukapelekwa Irente tukasahau. Unasimama ukingoni mwa mwamba, chini kabisa mashamba ya mkonge yamepangwa mistari mistari, na mbele yake nyika ya Wamasai haina mwisho. Mama mmoja wa kwetu akaanza kulia tu, hakuna aliyemuuliza.

Tanga tumepita haraka, Mapango ya Amboni yapo nje kidogo ya mji, humo ndani ndo magoti yalipokoma, unapanda unainama unajibana gizani na tochi. Sitakuchosha na hayo.

Ninachotaka kukwambia ni Pangani. Kutoka Tanga ni kama kilomita 50. Kuna mzee wa palepale anatembeza wageni, mtu mpole, anaongea taratibu na kila jambo anakuonyesha lilipo. Alituingiza kwenye nyumba moja ya zamani ufukweni kwa mto, lipu imebanduka unaona mawe ya matumbawe yenyewe, juu darini boriti za mikoko zimepangana nyeusi, akaniambia mama zishike, nikazishika, ngumu kama chuma. Afu akatutoa nje akatuuliza nyie mmetoka wapi, tukasema Moshi. Akaonyesha mto akasema basi karibuni, maji yenu haya.

Mwanangu nilisimama pale nikashindwa kuongea. Mito yetu ya mlimani, Karanga, Weruweru, Kikafu, yote inaingia mto Kikuletwa, Kikuletwa unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka pale ndo mto Pangani wenyewe unashuka, unapita Korogwe mpaka baharini. Nimechota maji ya mfongo, ule mfereji wa babu yako pale Kibosho, miaka yote ya utoto wangu na sikuwahi kujiuliza yanayobaki yanaenda wapi. Nikavua viatu nikaingia hadi magotini, maji ya kahawia, ya vuguvugu, nikaonja, yana chumvi. Yale ya kwetu unayachota mkono unakufa ganzi.

Ila mzee hakutuachia furaha tupu, na ndo maana nasema mtu akutembeze, usiende peke yako. Alituambia misafara ya kutoka Kilimanjaro ilishuka kwa njia ya bonde hilohilo, na ilileta pembe za ndovu na ilileta watu, na mangi wetu, watawala wa zamani, kina Rindi wa Old Moshi, walikuwa kwenye biashara hiyo na watu wa pwani. Watu wa kwetu kabisa, waliokunywa maji ya mlima, wakapakiwa kwenye majahazi hapo niliposimama. Mi shule sikufundishwa hivo, nilifundishwa kama habari ya watu wengine. Na hapohapo Pangani ndo Wajerumani walimnyonga Abushiri, Desemba 1889, baada ya kuwapinga mwaka mzima na zaidi.

Halafu mkonge. Ule tuliouona kutoka Irente, ulioandikwa kwenye vitabu vyenu kama zao la Tanga, uliletwa 1893 na Mjerumani anaitwa Hindorf, ikapona miche 62 tu ikapandwa Kikokwe, hapohapo karibu na Pangani. Mwaka huohuo wakaanza kujenga reli kutoka Tanga, ikafika kwetu Moshi 1911. Babu yako alikuwa ananihadithia treni ya Tanga kama ngano. Sasa naona vyote ni uzi mmoja, mto, njia ya misafara, reli, lami, na sisi tumekaa kwenye ncha moja hatujawahi kuangalia ncha ya pili.

Sa sikia. Desemba mkija nyumbani, kabla ya Krismasi, nataka niwapeleke wajukuu. Yule mkubwa anaogelea, atafurahi. Tuanzie juu Kibosho nimwonyeshe mfongo kwanza, aweke mkono, afu ndo tushuke. Dereva wa kosta nishaongea naye, anataka nusu ya hela mwezi wa kumi, na yule mzee wa Pangani nimechukua namba yake. Ongea na mkwe wangu mnijibu kabla ya Ijumaa. Na mabati usitume tena, nitayanunua na hela ya ndizi.

Mama yako.