Asante mkuu ulienisaidia CV ya uhasibu

Mkuu ulienisaidia kupanga CV yangu ya kuombea kazi za uhasibu za kuanzia, jina lako silijui ila asante sana aisee, Mungu akuzidishie. Pale kwenye uongozi wa chama cha wanafunzi palikuwa na neno moja tu, "Mhazini", basi, ukanihoji weee mpaka tukapata hii: "Niliandika daftari la fedha na kulilinganisha na taarifa ya benki kila mwezi", yaani kazi ni ileile ila sasa anaesoma anaona mhasibu. Zile "mchapakazi, najituma" ukasema futa, kila mtu anaandika, badala yake taja Excel na unachoweza kufanya nayo. Elimu ukaipandisha juu maana uzoefu bado mdogo, na mitihani ya bodi ya wahasibu niliyofaulu ikakaa hapohapo chini ya digrii. Ukurasa mmoja na umetosha! Hilo la kuiondoa picha yangu kwenye CV bado linaniuma kidogo lakini nimekusikiliza. Halafu ulivyokagua tarehe moja moja, hapo ndo nikajua huyu mtu ameshafunga hesabu sana. Nimeshaanza kuituma, nikiitwa intavyuu nakuja kukusumbua tena.