Hati bado ina majina yetu mawili

Buruburu, Nairobi
Oktoba 2025

Mama Njoki wangu,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima, ila magoti. Unisamehe kimya, tangu matanga ya Mwalimu Odhiambo sijakuandikia.

Achieng anataka nikakae naye kule Setúbal, nami nimekubali. Ureno wana viza wanayoiita D7, wastaafu wengi hupitia hiyo. Sharti lake ni uonyeshe pato lisilo la kazi, pensheni au kodi ya nyumba, lisilopungua mshahara wao wa chini: yuro 870 kwa mwezi mwaka huu, kama laki na thelathini zetu. Nilifurahi mno! Pensheni yangu ni 41,000, na vyumba vinane vya Kayole vinaleta 96,000.

Nikaenda kwa wakala. Pensheni haikuwa na neno, inaingia benki. Kodi ndiyo ilileta maneno. Wapangaji hutuma kwa M-Pesa, wengine hunipa mkononi, nami naandika kwenye lile daftari jeusi, kila mtu na sahihi yake. Mama Brayo huweka dole gumba. Wakala alilifungua, akalifunga. Anataka mikataba ya kupangisha, taarifa ya benki, risiti za KRA, wale wa ushuru, na hati ya ploti. Risiti ninazo, ushuru wa asilimia 7.5 ya kodi nautoa kila mwezi. Mikataba nitaandikisha. Hati ndiyo inaninyima usingizi.

Bado ina majina yetu mawili, vile tulivyonunua 1998. Uliponiuzia nusu yako tuliandikiana hapo mezani kwako, marehemu Odhiambo akiwa shahidi, tukanywa chai, na mambo ya kuhamisha jina yakaishia hapo. Sasa afisa akiona majina mawili atanihesabia nusu ya kodi: 48,000 na pensheni, 89,000. Hesabu hii naipiga kila usiku.

Nakuomba uje tuhamishe jina. Nauli ni juu yangu, ushuru wa stempu pia, na utalala kwangu. Beba kitambulisho, PIN ya KRA na picha za pasipoti. Mumeo Baba Njoki naye lazima atie sahihi ya kukubali, na hapo ndipo naogopa, maana alisema bei ilikuwa ndogo. Nataka kuzungumza naye mwenyewe, kwa heshima.

Je, ile karatasi tuliyoandikiana unayo? Yangu ililoa bomba lilipopasuka, wino wote umeenda. Baba Njoki bado ana kinyongo? Nimpigie simu, au nije Nakuru kwanza? Na unaweza kupata nafasi kabla ya Desemba?

Ni mimi,
Mama Achieng