Rudi kwenye grupu, ndugu yangu

Mambo vipi ndugu yangu,

Najua ulitegemea voisi na sio barua ndefu hivi, lakini nimerekodi mara tatu nikafuta zote maana nikianza kuongea naishia kukasirika au napotea njiani, nikaona bora niandike, nikiandika angalau nasoma tena kabla sijatuma, kitu ambacho siku ile sikukifanya kabisa.

Siku ile unaijua. Ile klipu ya sauti ya yule mwanasiasa. Mi ndo niliiweka kwenye grupu usiku ule, nikaandika chini yake "sikilizeni wenyewe", na kabla sijalala nilikuwa nimeshawarushia watu wengine wanne nje ya grupu. Wewe ukasema taratibu tu kwamba sauti hii haina pumzi, hakuna mahali jamaa anavuta hewa, halafu anatamka jina la chama chake mwenyewe kama mtu anayelisoma kwa mara ya kwanza. Nikakujibu vibaya. Nikakuambia umenunuliwa. Jana nimeyasoma tena yale maneno yangu na nakuomba radhi kwa dhati, na siombi kwa sababu ilikuja kujulikana ni feki, hata ingekuwa ya kweli sikuwa na haki ya kukuambia vile mbele za watu.

Ila sikuandikii msamaha tu. Kuna maneno uliniandikia juzi hayajanitoka, umesema umejitoa magrupu yote, habari huangalii, siasa hufuatilii, "saa hizi kila kitu feki, wote waongo, mi siamini chochote nimepumzika". Nimekuelewa, we ulipigwa mawe kwa kusema ukweli, mtu yeyote angechoka. Lakini hapo kwenye kutoamini chochote ndo nataka tubishane, na nikubishie kama rafiki, maana naona yule aliyetengeneza ile klipu kwangu alipata mtu mmoja wa kumsambazia, na kwako amepata kitu kikubwa zaidi.

Chukua mfano wa Gabon. Mwishoni mwa 2018 rais Ali Bongo alikuwa anaumwa, alikuwa nje ya nchi miezi kadhaa, watu hawamwoni, serikali haisemi vizuri. Mwaka mpya ikatoka video yake anahutubia taifa. Uso umekaza, macho hayapepesi kama kawaida, watu wakaanza kusema hii sio yeye, hii ni video ya kutengeneza. Tarehe 7 Januari 2019 wanajeshi wakavamia redio ya taifa wakajaribu kupindua serikali, wakaitaja hotuba ile ile, na jaribio likashindwa siku hiyo hiyo. Baadaye wataalamu walioipima ile video hawakupata ushahidi kwamba ilichezewa. Mtu alikuwa amepata kiharusi, ndo maana uso ulikuwa vile. Yani hapo haikuhitajika hata video feki, ilitosha watu kujua kwamba video feki zinawezekana, halafu na serikali iliyozoea kuficha mambo. Na mi naona lile la serikali kuficha ndo lilikuwa kubwa, maana ukiwaficha watu habari za kweli unawafundisha wenyewe kuamini tetesi.

Halafu angalia Marekani Agosti 2024, Kamala Harris, aliyekuwa anagombea urais, amefanya mkutano Detroit, watu kama elfu kumi na tano, waandishi kibao wapo wanapiga picha kila mmoja na kamera yake, siku chache baadaye Donald Trump anaandika kwamba ule umati haukuwepo, kwamba umetengenezwa na akili mnemba (AI). Na wapo walioamini! Sasa mtu anayesema "siamini chochote" utamsaidiaje kwenye jambo kama hilo? Picha zipo, video zipo, mashahidi ni maelfu, yeye anasema tu wote waongo. Umeona inavyokuwa? Kiongozi akikamatwa kwa sauti yake mwenyewe anapokea hongo, sauti halisi kabisa, atasema tu "hiyo ni akili mnemba", na wewe uliyepumzika hutakuwa na la kumjibu. Hicho ndicho kinachoniuma. Nyie mliokuwa na masikio ya kusikia pumzi haipo, nyie ndo mnaotakiwa kusema pia "hapana, hii hapa pumzi ipo, hii ni yake".

Sisemi feki hazipo, zipo na zinatisha. Slovakia Septemba 2023, siku mbili kabla ya uchaguzi, ikasambaa sauti ya kiongozi wa chama kimoja, Michal Šimečka, eti anapanga na mwandishi wa habari jinsi ya kuiba kura. Feki. Lakini ilitoka kipindi ambacho sheria yao inazuia kampeni na vyombo vya habari kuongelea mambo ya wagombea, kwahiyo kuikanusha kwa nguvu ikawa ngumu, we fikiria mtu anakuchafua wakati mdomo wako umefungwa kisheria. Na Januari 2024 jimbo la New Hampshire, Marekani, watu walipigiwa simu, sauti ya Joe Biden inawaambia wasiende kupiga kura ya mchujo. Aliyekuwa nyuma ya hilo alipigwa faini ya dola milioni 6, na Februari 2024, mwezi mmoja tu baada ya simu hizo, tume ya mawasiliano ya kule ilikuwa imeshasema sauti za kutengeneza kwenye simu za namna hiyo ni marufuku. Nilifurahi kusikia, ila sheria inakuja baada ya simu kuwa zimeshapigwa, hilo ndo tatizo la sheria na mambo haya, kila siku inafika nyuma.

Na usije ukaniambia basi teknolojia yenyewe ifungiwe. Kulikuwa na mbunge mwanamke Marekani, Jennifer Wexton, mwenye ugonjwa wa ubongo uliomharibia uwezo wa kuongea, 2024 walichukua sauti zake za zamani wakamtengenezea sauti yake tena na akahutubia bunge kwa sauti hiyo. Nilipoisikia nilinyamaza muda mrefu. Mashine ya aina ile ile iliyonifanya mi nikutukane, pale imemrudishia mtu sauti yake. Kwahiyo mi siichukii mashine, hasira zangu ziko kwa anayeitumia kudanganya na kwa kampuni zinazoacha uongo ukimbie kwa kuwa unaleta watu.

Na uongo unakimbia kweli, hili limepimwa. 2018 watafiti wa chuo cha MIT walichapisha utafiti wa habari kama 126,000 zilizosambaa Twitter kuanzia 2006 mpaka 2017, wakakuta habari ya uongo ina uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa kuliko ya kweli, na ya kweli inachukua muda kama mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500. Mi nilidhani watasema ni maroboti. Wakasema hapana, ni watu, kwa sababu uongo una upya, unashtua, unachukiza. Ni mimi usiku ule, na wala sikuwa na nia mbaya, nilikuwa na hasira tu na ile sauti ilisema kitu nilichokuwa nakitaka kukisikia siku nyingi. Nimejiuliza sana, kama ingekuwa sauti ya mwanasiasa ninayempenda ningeisikiliza mara ngapi kabla ya kuituma? Ningetafuta pumzi hata mimi.

Kwahiyo siku hizi nafanya hivi, kitu kikinipandisha hasira sana au kikinifurahisha sana nakiacha kwanza, naenda kufanya kazi nyingine, nikirudi natafuta nani kakitoa mwanzo na kama ipo ndefu yake, maana nyingi ni za kweli ila zimekatwa, au ni za miaka mitano nyuma zinaletwa kama za jana, na hizo za kukatwa mi naona ni hatari kuliko hata za akili mnemba kwa sababu sauti ni yake kweli na pumzi utaikuta. Ile alama ya mishale miwili pale WhatsApp, inayoonyesha ujumbe umesambazwa mara nyingi, nilikuwa siijali. Aprili 2020 waliweka kikomo kwamba ujumbe wa namna hiyo unautuma sehemu moja tu kwa wakati, na walisema usambazaji wa ujumbe wa hivyo ulishuka kama asilimia 70. Kumbe kumpunguzia mtu urahisi kidogo tu inatosha wengi kuacha. Hili limenipa moyo sana, maana maana yake wengi wetu sio wabaya, tuna haraka tu.

Halafu kuna habari ambazo ukiziacha zinakuumiza wewe mwenyewe. Kodi, hospitali, shule za watoto, nani anapitisha bajeti na amekula kiasi gani. Watu wenye masilahi hawajapumzika hata siku moja, wanafuatilia kila kikao. Ukijitoa wewe na akijitoa mwingine mwenye akili kama yako, grupu linabaki na sisi wenye hasira na wale wanaolipwa kupiga kelele. Tangu uondoke hali ndo hiyo, nakuambia ukweli, wiki iliyopita imewekwa picha ya maandamano ya nchi nyingine kabisa ikasemwa ni ya hapa, mabango yana maandishi ya lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu anaijua, na watu wameijadili siku nzima! Nikasema mimi. Nikaambiwa nimenunuliwa. Nilikaa na simu mkononi nikakukumbuka mpaka machozi yakanilenga.

Basi nilichofanya, nimewatafuta wale wanne mmoja mmoja niliowatumia ile klipu. Sikuweka tangazo la jumla, nimemwandikia kila mtu kwamba ile sauti niliyokutumia ilikuwa ya kutengeneza, nilikosea, na wewe kama uliituma mahali nao waambie. Mmoja alikuwa hajaisikiliza hata. Mwingine ameniambia alijua, akanyamaza asinikwaze, na hilo nalo limenifikirisha kwamba kumbe wapo wengi wanajua na wananyamaza. Wa tatu amekasirika, anasema hata kama ni feki jamaa lazima huwa anasema hivyo akiwa peke yake. Nimebishana naye nusu saa, sijamshinda, nitarudi tena.

Wa nne ni mjomba. Ujumbe ameuona, hajajibu. Najua aliipeleka mbali ile klipu maana ilinirudia kutoka kwa mtu nisiyemjua, na mjomba mimi hanisikilizi ila wewe anakuheshimu tangu tukiwa wadogo. Naomba umpigie. Na kwenye grupu nimeandika jana mbele ya wote kwamba wewe ulikuwa sahihi na mimi nilikuvunjia heshima, nimeomba admini akurudishe, linki nitakutumia ukisema ndio. Usiposema ndio sitakulazimisha, ila mjomba naomba umpigie hata hivyo.

Wako siku zote,
mimi