Oda ya wino, na hizi tisheti zinazobanduka rangi

Habari zenu wenzangu, oda ya pamoja ya wino wa kuchapia tisheti naifunga Alhamisi jioni, so ambaye hajanitumia rangi na kilo anazotaka atume leo, manake mara iliyopita kuna walioleta pesa oda ishaenda tukakosa nyeupe, na nyeupe ndo huisha kwanza kila mara.

Sasa hili la kubanduka. Plastisoli, ule wino wa plastiki, haikauki kwa hewa jamani, hata uianike juani Likoni wiki nzima, inataka joto la kama digrii 160 na lifike mpaka chini ya wino sio juu tu. Isiposhika kidole usidhani imeiva, ivute kidogo, ikipasuka irudishe kwa moto. Jezi za poliesta ndo balaa, joto likizidi rangi ya kitambaa inapanda kwenye wino, kwa nguo nyekundu nyeupe yako yageuka pinki, hizo tafuta wino wa joto la chini.

Wa wino wa maji, hili joto letu laukausha kwenye skrini, ile fremu ya wavu ya kuchapia, usiiache wazi ukaenda kunywa chai. Na emalsheni, ile dawa ya kupaka kwenye skrini, ikauke kabisa kabla hujachoma picha kwa mwanga, mimi huwasha feni usiku kucha, gizani.